Gololi Ikinyamaza

Shangazi,

Kabla sijaomba chochote naomba nianze na mlio, maana ndio ulionisukuma hadi nikashika kalamu. Ni mlio wa gololi ya kioo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka: ko-ko-ko-ko, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi bila kuchoka. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, alishonea nyumbani, na kila Jumapili mchana alipika pudini ya mkate kwa mvuke huku akiendelea na nguo za watu, kopo la pudini ndani ya sufuria, mfuniko juu, na chini kwenye maji ile gololi aliyomnyang'anya kaka yangu akiwa darasa la tatu, kwa kosa la kutoboa magoti ya suruali tatu ndani ya muhula mmoja. Gololi ikilia, maji yapo. Ikinyamaza, maji yamekauka. Mimi na kaka tulikaa jikoni kuilinda, na iliponyamaza tulipiga kelele, "Mama, imenyamaza!" naye akajibu toka chumba cha kushonea, "Nimesikia," na cherehani ikaendelea.

Pudini yenyewe haikuwa na makuu. Mkate uliolala wa wiki nzima, maziwa, mayai, sukari, kungumanga kidogo. Baba aliibatiza Kiporo cha Heshima. Lakini ukiipindua kwenye sahani, juu yake lilitokea tabaka la rangi ya kahawia iliyokolea, tamu kidogo, chungu kidogo, na hilo tabaka ndilo tulilopigania hadi tukaumizana kwa vijiko.

Mama alifariki mwaka jana. Mimi nina miaka ishirini na sita, ni fundi wa maabara katika zahanati, kazi yangu ni kupima damu za watu na kuandika kilichoonekana bila kuongeza wala kupunguza, na nadhani ndiyo maana jambo hili linanikaba kuliko ambavyo lingemkaba mtu mwingine.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki ya pili baada ya msiba niliingia chumba cha kushonea, nikakuta madaftari ya vipimo yamepangwa rafuni, kumi na moja, yote mwandiko wa Mama, kifua hiki, kiuno hiki, huyu anataka mkono mrefu, yule hataki mfuko, na sikuweza kuvumilia kuona mwandiko unaendelea kuwapo wakati mkono haupo, nikayakusanya yote kwenye mfuko wa unga nikampelekea mama anayeuza karanga pale kona yetu, akanishukuru, akasema karatasi nzuri za kufungia zimekuwa shida, nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzuri wa kwanza tangu msiba, na sikumwambia mtu yeyote kwa sababu sikuona kwamba kuna cha kuambiwa. Wifi yangu, mke wa kaka, ambaye anaishi nasi, alikifagia kile chumba siku iliyofuata na kufunika cherehani kwa shuka.

Miezi miwili baadaye Baba akaingia mle akatoka mikono mitupu. Akauliza liko wapi daftari la kijani. Akasema Mama aliandika humo, kurasa za nyuma, namna ya kupika Kiporo cha Heshima, aliandika siku alizoanza kuumwa, na sasa yeye ameikumbuka.

"Nani alisafisha chumba hiki?" akauliza.

Kaka akajibu, bila ubaya wowote, "Mke wangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Shangazi, nilikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi pana, mtu angeweza kupita na ng'ombe. Wifi alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Mimi nilifagia tu, baba, sikutupa kitu," na Baba akasema, "Basi daftari lilijifagia lenyewe." Nikanywa chai yangu. Ile sekunde moja ya kunyamaza ikawa siku, siku ikawa wiki, na leo ni miezi kumi na moja.

Tangu hapo Baba hamwiti wifi kwa jina. Hamtukani, Baba si mtu wa matusi. Akitafuta miwani yake husema, "Waulize wenye fagio." Chumvi ikiisha, "Labda imefagiwa." Mwanzoni kaka alicheka, kwa kudhani ni utani utakaokwisha. Siku hizi hacheki, na wifi hali tena mezani nasi, anasema amekwisha onja jikoni, ameshiba.

Mimi nikaamua nitairudisha ile pudini. Niliona kwamba nikiirudisha, daftari halitakuwa na maana tena, na asiyelitupa hatakuwa na kosa la kushtakiwa. Nimefanya majaribio kumi na manne, kila Jumapili, na kumbukumbu zake ninazo: uzito wa mkate, ujazo wa maziwa, idadi ya mayai, muda, moto. Natumia kopo lile lile la maziwa ya unga la Mama, sufuria ile ile, gololi ile ile. Nimekaanga sukari pembeni nikaimwaga chini ya kopo, ikawa ngumu kama kioo. Nimeiunguza kidogo zaidi, ikawa chungu kama dawa. Bila kuikaanga, pudini inatoka nyeupe kama mgonjwa. Baba anakula vijiko viwili, anaweka kijiko chini, anasema, "Imekaribia." Kisha anaongeza, "Tungekuwa na daftari tusingekuwa tunabahatisha," na macho yake yanakwenda jikoni.

Niseme na hili, ingawa ni dogo. Jaribio la tisa, gololi iliponyamaza nilikimbia na birika kuongeza maji, kama kawaida yangu, na wifi alikuwa anapita mlangoni na beseni la nguo. Akasema, "Usi..." Nikageuka nikamwuliza, "Nini?" kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda. Akasema, "Hamna, wifi," akaenda kuanika. Nadhani aliogopa nitamwagikiwa na maji ya moto. Ndivyo alivyo, mwema hadi unakasirika.

Sasa kaka ameniambia kwamba mwisho wa mwezi wanahama. Amepata nyumba upande wa pili wa mji. Nilimwuliza kwa nini, akaniangalia kama mtu anayeangalia kipofu akiuliza kama taa imewaka. "Mke wangu amekonda, wewe huoni?" akasema. "Na nikiondoka naye kwa njia hii, usitegemee tutakuwa tunarudi Jumapili."

Shangazi, nimebakiwa na Jumapili tatu. Nahisi nimekaribia sana, tatizo liko kwenye lile tabaka tu. Je, nikazane kuipata pudini kwanza, ili siku ya kusema niwe na kitu mkononi cha kuwapa? Au nikishaipata haitakuwa na haja ya kusema? Usiku naandika maneno ya kumwambia Baba, asubuhi nayasoma naona yote yanajitetea. Nisaidie.

Binti wa Fundi


Jibu la Shangazi

Binti wa Fundi,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Pole kwa kufiwa na mama. Pole ya kweli, si ya adabu. Kutoa yale madaftari halikuwa kosa. Ulikuwa na uchungu, ukaona mwandiko, mkono ukafanya ulichofanya. Mimi mwenyewe niliwahi kugawa viatu vya marehemu mume wangu kabla sijajua jozi ipi imenunuliwa juzi. Mfiwa hashtakiwi kwa alichogawa.

Pole zangu zinaishia hapo, mwanangu. Sasa vuta kiti.

Wewe hutafuti pudini. Mtu anayetafuta pudini angekuwa ameshaipata. Unatafuta chakula kitamu kiasi cha kuziba midomo ya watu wote mezani ili wako usilazimike kufunguka. Umepima mkate, umepima maziwa, umepima moto. Ulichokataa kupima ni miezi kumi na moja ya mwanamke kula amesimama jikoni katika nyumba aliyoolewa. Na hiyo habari umeiandika katikati ya barua, ukaipita mbio, ili ufike kwenye sukari!

Tena nikuulize, wewe msomi wa maabara. Umesema wifi yako anaishi nanyi. Tangu lini? Wakati wewe uko chuoni na vitabu, nani alikuwa jikoni na mama yako? Alipoanza kuumwa, nani alikuwa akimshikia sufuria? Hukuniandikia, nami sihitaji kuambiwa. Nchi nzima ya wasomaji wangu wameshajua. Kuna mtu mmoja ndani ya nyumba hiyo aliyeiona ile pudini ikipikwa akiwa na akili ya mtu mzima, wakati wewe na kaka yako mliiona mkiwa watoto mnaogombania vijiko, na baba yako aliiona ikiwa sahanini. Huyo mtu alifungua mdomo jaribio la tisa. Akasema "Usi." Ukambwatukia. Nawe unaniandikia kwamba aliogopa utaungua!

Hukumwuliza kwa sababu huwezi kumwomba kitu mtu uliyemwacha abebe mzigo wako. Mapishi yenu hayakupotea kwa muuza karanga. Yamekaa nyuma ya mlango uliouegemea wewe.

Basi fanya hivi. Kwanza nenda kwake, peke yako, mchana, akiwa na kazi mkononi ili asilazimike kukutazama. Mwambie ulichofanya na ulichoacha kufanya. Usianze na kilio, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, na huyo mwanamke amebembeleza vya kutosha. Usimweleze ulivyoteseka. Siku hiyo hiyo, wote mkiwa mezani, mwambie baba na kaka yako, kwa mdomo wako, maneno yasiyozidi yale unayoyaandika kwenye fomu ya majibu ya mgonjwa. Usipike pudini siku hiyo. Usiende na sahani wala kopo. Ukiupaka ukweli sukari, watu watalamba sukari na ukweli utabaki.

Na lile neno lake lililokatika usimwulize siku hiyo. Ukimwuliza atajua ulikuja kununua. Subiri. Asipokuambia kamwe, utakula mkate mkavu na chai, wala hutakufa.

Kama watahama, waache wahame. Umechelewa miezi kumi na moja, huwezi kuwapangia na siku ya mzigo. Jumapili tatu unazohesabu si zako, ni zake. Nenda leo.

Shangazi


Barua ya pili

Shangazi,

Gazeti nililisoma zahanati, wakati wa chai, na mwenzangu wa dirisha la dawa akawa analisoma juu ya bega langu. Akasema, "Huyu binti mjinga kweli." Nikasema, "Kweli." Nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema.

Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Nikashika upande mmoja wa shuka, tukawa tunalikunja, nikamwambia. Lilikuwa shuka lile la kufunikia cherehani, sikuchagua, ndilo lililofuata kwenye kamba. Nilitumia sentensi nne. Tulikutanisha ncha, akachukua shuka kwangu, akaliweka kwenye beseni.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza anajuaje.

"Nilinunua karanga pale kona, mwaka jana, mwezi ule ule baba aliponiuliza. Kufungua karatasi, naona mwandiko wa mama. 'Kiuno thelathini na mbili, hataki mfuko.' Nikamwuliza mama wa karanga, akasema, amenipa yule binti wa maabara, Mungu ambariki."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani, wifi? Mtu ananiita fagio. Nikikutaja wewe, nitakuwa fagio lenye fitina." Akachukua shuka la pili. "Nikasema nitangoja useme mwenyewe. Kila Jumapili ulipobandika sufuria nilijua leo atasema. Ukaja na mizani."

Sikulia, kama ulivyoagiza. Ilikuwa kazi.

Mezani nilisema kabla ya kunawa. Kaka hakunitazama, alimtazama mkewe aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni, akasema taratibu, "Na mimi ndiye niliyesema 'mke wangu.'" Baba alisogeza pembeni bakuli la kunawia. Nilidhani atanigeukia mimi, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata nilitamani. Hakunigeukia. Alimwita wifi kwa jina lake. Akamwambia, "Nimekukosea, mama. Nimekukosea kila siku." Kisha akaomba chumvi, ingawa chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha, na wifi akamletea, na kaka akamletea mkewe kiti, wifi akaketi nasi.

Mimi Baba hakusema nami maneno ya kuzidi salamu kwa wiki mbili. Ni haki yake. Asubuhi namwekea chai, anakunywa, anarudisha kikombe kimeoshwa.

Kuhama wamehama. Siku ya mzigo nilimwuliza wifi kama hakuna namna ya kubaki. "Kuhama tunahama," akasema, akifunga sufuria zake kwa magazeti. "Ila sasa tunahama tu, wifi. Hatukimbii." Sikumwuliza kuhusu neno lake. Nilikuwa nimeinama nakaza kamba ya boksi aliposema mwenyewe, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana:

"Usiongeze maji. Ndicho nilichotaka kukuambia. Mama hakuwa akiongeza."

Nikainuka.

"Gololi ikinyamaza, alikuwa anaanza upindo wa sketi moja. Akimaliza upindo, ndipo anaipua. Kabla ya hapo haipuliwi. Siku asiyokuwa na sketi aliniambia nihesabu pumzi mia mbili. Na hata kwenye daftari hakuliandika hilo, mimi ndiye niliyemshikia taa akiandika. Aliandika vitu. Kungoja hakukuandika."

Shangazi, mimi nimesoma kemia. Ninajua, na ningemweleza mtu yeyote aliyeniuliza, kwamba maji yakiwepo chini ya chombo, joto haliwezi kupanda hadi sukari iungue, na kwamba lazima yakauke kwanza. Miezi yote hiyo nilikimbia na birika kuzuia kitu kile kile nilichokuwa nakitafuta. Na Mama alikuwa akitujibu "Nimesikia" na cherehani ikiendelea, tena kwa sauti, kila Jumapili ya utoto wangu, nami nikadhani ni mtu aliyeshughulika.

Sikuipika. Jumapili iliyopita nilichukua kopo, sufuria na gololi, nikaviweka kwenye mfuko, nikapanda mabasi mawili hadi kwa wifi, nikamkabidhi. Akasema, "Hivi ni vya nyumbani." Nikamwambia ndiyo maana nimevileta. Aliifuta gololi kwa upindo wa gauni lake, akaiweka dirishani, kaka akaitambua akaanza kuidai, eti zile suruali tatu zilishasamehewa.

Baba aliniuliza jana, maneno yake ya kwanza marefu, kama Jumapili hii kutakuwa na Kiporo cha Heshima. Nikamwambia kipo, kwa mkwewe, mabasi mawili kutoka hapa, na kwamba sufuria haimo tena ndani ya nyumba hii wala sitanunua nyingine.

Viatu vya Baba nimeshavipiga rangi. Viko mlangoni.

Binti wa Fundi